Karatasi za Mchungaji Kisilu

Noonkopir, Kitengela
Jumatatu, 14 Juni 1999

Kwako dada yangu Roda,

Bwana asifiwe. Nakusalimia sana, wewe na wote wa hapo Kajiado. Je, mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikusaidia, ama bado unalala ukiuinua kwa mto? Sisi huku tu wazima, ila baridi imetupiga na yule ng'ombe mwekundu amekataa kutoa maziwa. Kwa yote namshukuru Mungu.

Dada, niko na maneno mazito ya hapa kanisani kwetu Baptisti. Unamjua Mchungaji Kisilu, yule kijana wa Machakos tuliyemwita mwaka jana alipomaliza chuo. Tangu Pasaka ameleta karatasi. Ukifika mlangoni unapewa moja, na humo kila kitu kimepangwa: yeye anasoma mstari, sisi tunaitikia mstari, halafu tunasimama wote kukiri ile Imani ya Mitume kwa sauti moja. Roda, sisi! Sisi tuliofundishwa kwamba Biblia inatosha, na kwamba aliyeokoka huomba kutoka moyoni! Siku ya kwanza Mzee Githongo alirudisha miwani mfukoni akauliza kwa nguvu kama siku hizi Mungu anasomewa kumbukumbu za kikao. Watu wakacheka, na mchungaji naye akacheka. Mimi sikucheka. Kucheka kwake ndiko kulinitia shaka zaidi, kwa sababu mtu asiye na la kuficha angekasirika.

Nikaanza kumchunguza. Pale penye neno katoliki katika ile Imani alieleza ati ni kanisa la Kristo la kila mahali, wala si la Papa. Alieleza vizuri mno, kama mtu aliyejua ataulizwa. Akasema hata Wabaptisti wa zamani waliandika maungamo yao. Mwezi wa tano akaomba kuiona hati ya ploti ya kanisa, ati watu wa mabomba ya maji wanaitaka. Wewe unajua ploti za huku zinavyoliwa na wanyang'anyi wa ardhi. Nikajiambia, haya, wameanza na sala, sasa ni ploti, mwisho tutaamka tukute tuko chini ya askofu.

Jana mambo yakafika kwenye mkutano wa washirika. Si unajua kwetu hakuna mkubwa wa kutuamulia, ni sisi kuinua mikono. Waweru, mwenyekiti wa mashemasi, alisema amechoka na minong'ono, mwenye ushahidi asimame. Wamama wakaniangalia. Nikasimama. Nikasema mwezi uliopita, siku nilipokutembelea Kajiado, nilimwona Mchungaji Kisilu kwa macho yangu akiingia kwa padre, na alikaa humo karibu saa nzima. Mchungaji alipoulizwa alikubali kwamba alienda, ila akasema sababu si yake kuitangaza. Hapo ndipo alipojimaliza. Mzee Githongo akamwambia basi aisome kwa karatasi kama kuisema ni ngumu. Jumapili ijayo tunapiga kura, mchungaji abaki au aende. Mkewe ana mimba ya miezi minane, na nyumba wanayoishi ni ya kanisa.

Sasa nifike kwa lile ambalo sijamwambia hata mume wangu. Wewe na mimi tunajua alichofuata pale. Wewe unawapikia masista hapo hapo kwa padre, na siku ile ile uliniambia, tukiwa tumesimama mlangoni pa jikoni, kwamba amekuja kumwombea Mzee Ngigi wa kanisani kwetu, asiyeweza tena kutembea, kiti cha magurudumu. Tena ukaniambia mzee amemwapisha asitaje kilikotoka, kwa vile tangu kanisa lianze yeye ndiye amekuwa akiwasema Wakatoliki kuliko sisi wote. Nilijua yote, na bado nikasimama.

Na si kwa ajili ya mafundisho, Roda. Kwa miaka kumi na mmoja ombi kuu la Jumapili lilikuwa langu. Nilikuwa nikifumba macho na kuomba robo saa, wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, mvua, mifugo, watu wakilia, na baada ya ibada wageni wakiuliza huyu mama ni nani. Karatasi zilipokuja, ombi langu halikuwemo. Mahali pake kuna mistari minne ambayo yeyote anaweza kusoma. Nikamtafutia kijana wa watu kosa, na nilipolikosa nikamtengenezea.

Waweru atakuja kwako Alhamisi kukuuliza kama nilisema kweli. Asubuhi nilianza kukuandikia nikitaka kukuomba umwambie hukumbuki kitu. Hiyo barua nimeitia motoni. Mwambie yote, pamoja na kwamba nilijua. Siri ya Mzee Ngigi itatoka, na hilo nalo liko juu yangu. Mimi kesho nitaenda kwa mchungaji na mkewe, nikawaambie mwenyewe. Karatasi zake bado sizipendi, na hilo pia nitamwambia usoni. Lakini asifukuzwe kwa uongo wangu.

Nisalimie watoto wote, na pole tena kwa mguu. Barua hii nimempa Naliaka anayekuja sokoni huko, atakuletea mkononi. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi mdogo wako katika Bwana,
Wamaitha