Karatasi Haitangulii Kahawa

Al Amerat, Jumatano

Leo nimetaka kumfukuza profesa barazani, kisha na mimi nkafukuzwa pamoja naye. Lakini sijuti, wallahi.

Kaja na watu wa chuo kurikodi nyimbo za harusi za Bi Mkubwa, mama yangu. Halwa haijafunuliwa, kahawa haijamiminwa, yeye ananyoosha karatasi: "Atie sahihi hapa, nyimbo ziwe mali ya chuo."

Mali ya chuo!

Nkamwambia, "Sheikh, mimi nimeishia darasa la sita, lakini nishamrudisha waziri mlangoni kwa kosa dogo kuliko hili." Alikuwa dereva wa waziri. Gari ilikuwa ya waziri.

Salma, mtoto wa dada yangu, ndiye anayeiongoza kazi hiyo chuoni. Akaninong'oneza, "Mjomba, Bibi akiondoka nazo je?"

Juzi Bi Mkubwa kaniita kwa jina la marehemu baba. Nnaogopa.

Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Nyimbo za wanawake hizi. Profesa atoke, na wewe domo refu utoke. Salma arikodi, na sauti yangu ikae kwenye sanduku langu."

Tukakaa uani na profesa, tunakunywa kahawa. Sauti ikaanza kupenya dirishani. Nkakohoa kwa nguvu zangu zote mpaka wimbo ukaisha, profesa asiibe hata neno.

Mimi nimesikia. Bi Mkubwa hajasahau hata ubeti mmoja.