Bango Lako, Datuk

Mdogo wangu Hisyam, ambaye sasa watu wanakuita Datuk kwa heshima,

Hapa kambini kwetu vibarua ni mvua tupu, na goti langu bado linauma. Wiki iliyopita tulitundika mabango barabarani, ya kuwapongeza wabunge waliotunukiwa na Sultani. Nikakunjua moja, nikakuta uso wako na nishani kifuani.

"Huyu mdogo wangu!" nikasema.

Wenzangu wakacheka. "Na Sultani ni shemeji yako? Mbona mdogo wako hakukualika kwenye karamu ya nishani?"

Nikawaambia barua ya mwaliko imepotea njiani. Bango lako nililifunga kwa kamba mbili.

Jana tuliyashusha yote. Lako nimeliomba, nimezibia paa linapovuja, uso ukitazama chini. Nikilala chali, tunatazamana.

Hisyam, hiyo barua uliituma?

Kaka yako,
Rosdi