Daftari la Uchina na Vikombe Viwili

Baba,

Nnakuandikia na hasira zangu. Ukinisamehe sawa, usiponisamehe pia sawa. Wewe umepumzika, mimi umeniachia wazee wako wawili.

Tangu ulipostaafu ulikuwa ukiandika daftari lako la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uchina, nchi uliyosoma ujanani. Kila Ijumaa baada ya sala, hapa hapa mtaani kwetu Hamriya, ukiwasomea rafiki zako. Ami Nasoro akishika upande wa serikali, Ami Khamisi upande wa Wakomunisti, wakitupiana maneno mpaka halua inasahauliwa. Nawe katikati unacheka, "Haya, haya, tusikilizane." Mimi nnapitisha kahawa.

Sasa tangu tulipoondoa matanga yako hawasalimiani. Wazee wazima, Baba! Wamesoma darasa moja Unguja, leo wanapishana msikitini kama hawajuani. Kisa ni ukurasa mmoja ambao hukuuandika: nani aliyeharibu mazungumzo ya amani, serikali au Wakomunisti.

Jumapili kaja Ami Nasoro. Nikammiminia kahawa, akaweka kikombe chini. "Sinywi mpaka unikubalie, mwanangu." Ati nikumalizie daftari, niandike kuwa Wakomunisti walipeana mikono huku majeshi yao yanakwenda kaskazini. Jumatatu kaja Ami Khamisi. Kikombe chini! Niandike kuwa serikali ndiyo iliyovunja ahadi. Unajua mwenyewe, mgeni akiweka kikombe hivyo bila kunywa, mwenye nyumba hana pa kutokea ila amkubalie ombi lake. Lau si heshima, wallahi ningewatimua. Sikumkubalia yeyote; vikombe viwili nimevirudisha jikoni vimejaa, na aibu yake nimeibeba mimi.

Nikafungua daftari nitazame wewe ulikuwa upande gani. Wapi! Umeandika viongozi wa pande mbili walivyokaa kuzungumza zaidi ya mwezi, wakanyanyuliana glasi, wakatia saini, na risasi hazijanyamaza. Kisha mstari wa mwisho: mpatanishi mgeni kachoka, kafunga mizigo, kaenda kwao, na vita vikazidi kuwaka. Basi, hapo kalamu yako imesimama.

Nimelia, Baba. Maana mpatanishi wa nyumba hii ni wewe, na wewe ndiye uliyeondoka.

Ule ukurasa sitouandika. Ijumaa nnawaita wote wawili, na hakuna atakayejua kama mwenzake anakuja. Daftari nitalifungia kabatini. Nakuahidi, dele la kahawa sitolitua mpaka vikombe vyote viwili viwe vitupu.

Lala salama, Baba yangu. Na mimi niombee, rafiki zako wagumu hawa.

Mwanao