Makabati Yasiyo na Pa Kushika

Jumamosi. Bunju kumeamka na manyunyu, na hadi mchana huu jua halijaamua kama linatoka au linabaki hukohuko. Mimi na jua leo tuko sawa.

Mezani mbele yangu kuna vishikio vya kabati. Vya duara, virefu vyeusi, vya rangi ya dhahabu, na kimoja kina kichwa cha simba, sijui fundi alifikiria nini. Ameniachia mfuko mzima nichague, halafu Jumatatu aje na keekee yake kutoboa. Chumbani, mama mkwe wangu anapanga nguo kwenye begi. Anataka mume wangu, Joel, ampeleke Mbezi Luis kesho alfajiri apande basi la kurudi Tukuyu. Kesho Jumapili! Mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa ibada. Na kliniki ya goti lililomleta huku ni Alhamisi.

Vishikio na begi ni kisa kimoja, na bado sikielewi vizuri. Ndiyo maana naandika.

Jiko hili nimelisubiri kuliko kitu chochote kwenye nyumba. Nilitaka makabati kama yale niliyokuwa nayaona kwenye simu, meupe, laini, hayana kitu kinachotokeza. Unabonyeza mlango kidogo, springi ya ndani inausukuma, unafunguka wenyewe. Fundi aliniuliza mara mbili, "Sista, hata kimoja?" Nikamwambia hata kimoja. Wageni wakija wakawa wanapapasa milango hawajui pa kushika, nilikuwa nafurahi. Naandika ukweli.

Mama alifika wiki iliyopita. Mimi na Joel tunatoka mapema, binti yetu Neema anachukuliwa na gari la shule, kwa hiyo mama anabaki peke yake. Nilimwambia, "Mama, jisikie uko kwako, kila kitu kipo jikoni." Nikamwachia chakula kwenye hotpoti na chai kwenye chupa, nikakimbilia kazini Mikocheni.

Baada ya siku chache akaanza kuwa mkimya. Shikamoo yangu ya jioni ikawa inaitikiwa kwa marahaba kavu. Vyombo alivyoosha alivipanga pembeni ya sinki, hakuviweka kabatini. Nikasema moyoni, ananionyesha kwamba yeye hapa ni mgeni. Na mimi nikanuna.

Juzi jirani yetu, Mama Zuhura, akanisimamisha getini. "Jirani, mkweo kaja kwangu kuomba sukari. Mie nimempa, sukari kitu gani bwana. Lakini nikajiuliza, kulikoni?"

Sukari.

Sukari kwangu imejaa. Nilisimama pale uso unawaka. Niliamini kabisa kwamba mama amekusudia kuniaibisha mtaani. Jana jioni wifi yangu akapiga simu kutoka Tukuyu, akamwambia Joel kwamba mkewe anamfungia mama yao vyakula. Joel akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi.

Leo asubuhi mama akatangaza safari. Nilimfuata jikoni nikamuuliza nimemkosea nini. Akajibu huku anaangalia sakafu, "Mama Neema, nyumba ni yako na funguo ni zako. Mimi silalamiki."

"Funguo gani, mama?"

Akaingiza kucha kwenye ukingo wa mlango wa kabati, akavuta. Mlango haukusogea. Akaniangalia.

Nikabonyeza. Ukafunguka. Sukari ile pale.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo kabati la sebuleni lilikuwa na ufunguo, na ufunguo alikuwa nao mama yangu mzazi, umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Ukivuta kabati la mtu likagoma, basi limefungwa, na mwenye adabu haulizi kwa nini. Anakaa kimya. Akizidiwa, anaenda kwa jirani. Mama mkwe alifuata adabu yote aliyofundishwa, mimi nikaiona kiburi.

Nilidhani tutacheka. Joel alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alibonyeza mlango mmoja, akabonyeza wa pili, akalizunguka jiko lote akifungua, kwenye mchele, kwenye maharage, kwenye chumvi, mpaka milango yote ikawa wazi. Halafu akauliza, "Sasa mtu anayekuja hapa ajuaje?"

Akarudi chumbani kupanga nguo.

Joel akampigia fundi, mfuko ukaletwa, na kwake yeye mambo yamekwisha. Kwangu ndiyo yameanza. Vya duara vitateleza mkono ukiwa na sabuni, na vidole vya mama vimekakamaa. Virefu vina ncha zinazotokeza, vitanasa madera yetu. Vya dhahabu vitachubuka. Na mlango mweupe ukishatobolewa umetobolewa. Nimevigeuza weee mpaka vyote naviona vinafanana.

Lakini si vishikio vinavyonichanganya hivi.

Siku zote hizo sikujiuliza hata mara moja kwa nini mama hapiki wala hafungui kabati. Nilifurahi. Kazini nilijisifu kwamba mkwe wangu hana makuu, mambo yangu ya jikoni haingilii. Kabla hajafika nilimwambia Joel naomba tu asije akanipangia upya vyombo vyangu. Kwa hiyo kuhusu funguo mama alikosea. Kuhusu mimi je?

Sijui. Kweli sijui.

Muda mfupi uliopita nimeinuka nikaenda kusimama mlangoni kwake. Nilitaka kuomba radhi, ila sikujua naiombea kitu gani, na maneno yaliyotoka yakawa mengine kabisa. Nikamwambia kuna mkungu wa ndizi Joel ameleta, kwamba mimi nikizipika zinakuwa uji, na kwamba Neema hajawahi kula zilizopikwa na bibi yake. Kama angetupikia kesho, jiko lote lingekuwa lake, mimi nisingetia mguu.

Akaendelea kukunja kitenge. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nyama ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi nitazipika nikitoka kanisani."

Nimerudi mezani kwenye vishikio vyangu. Akitoka kanisani! Kwa hiyo kesho alfajiri hakuna safari. Ya Jumatatu sijathubutu kuuliza, wala ya Alhamisi. Sijui kama nimesamehewa, au mama ana hamu tu ya ndizi.