Foronya ya Mwenye Nyumba

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na hao wanao ambao nasikia sasa wanakupita kimo. Natumaini kifua chako kimetulia na kwamba umeacha kulala dirisha likiwa wazi, ingawa nakujua, hujaacha. Mimi sijambo. Nakula, naenda kazini, narudi. Magoti yananisumbua kwa kusimama, lakini hayo ni ya siku zote.

Najua umepiga simu sana na sikupokea. Usinikasirikie. Kila nikiiona inaita nawaza nitasema nini, na kabla sijapata la kusema inanyamaza. Kwa barua nitaweza, maana karatasi hainiulizi ninajisikiaje. Kila mtu ananiuliza hivyo siku hizi, na ukweli ni kwamba sijisikii chochote. Nimekuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: unajua jino limeng'olewa, unapitisha ulimi pale, hapaumi.

Mwenye Nyumba ameondoka. Namsema yule mtoto niliyepewa kumlea kwa muda mama yake alipolazwa. Unakumbuka jina lilivyompata: siku aliyoletwa, kitoto cha miaka minne, alipita chumba kwa chumba mikono nyuma, akachungulia uvungu wa kitanda, akaligusa bomba la jikoni linalovuja, akanitazama kama anayefikiria kunifukuza. Jina likamganda.

Ambayo sikukueleza ni habari ya sweta. Alikuja ameikumbatia sweta ya mtu mzima, ya mama yake, imeshiba uchafu, mkono mmoja umelowa kwa kutafunwa. Mimi na uchafu unatujua. Afisa ustawi aliyemleta hajafika hata barabarani, sweta imeshaingia kwenye beseni. Niliiloweka, nikaisugua, nikaisuuza kwa maji matatu, nikaipiga pasi, nikamrudishia imekunjwa vizuri inanukia sabuni. Nilijiona mlezi hodari. Aliinusa, akaiweka sakafuni taratibu, akaisukuma kwa mguu. Hakulia. Ila tangu hapo hakusema neno, na usingizi ukawa unamkamata akiwa amekaa.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kabla ya kunipa mtoto walipima dirisha, wakajaribu kitasa cha mlango, wakatufundisha asubuhi moja habari za chanjo na moto. Baada ya hapo afisa alikuwa na watoto wengi kuliko siku za kuwatembelea. Akija alitazama kama mtoto ameongezeka uzito, na alikuwa ameongezeka kweli. Nilipomwambia kwamba hasemi, alisema atazoea, akatazama saa. Si kwa ubaya. Alikuwa na mwingine wa kumwona.

Aliyenisaidia ni dereva mmoja mstaafu, naye amelea watoto wa watu mpaka mvi zikamwota. Aliomba zahanati ituachie chumba cha kusubiria Jumamosi mchana, kikiwa hakina wagonjwa, walezi tukutane. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenikokota kwenda. Nilidhani tutahubiriwa. Kumbe yule mzee ana swali moja tu, akalipitisha benchi kwa benchi: mtoto wako alikuja na nini? Mmoja akasema kijiko. Mama aliyekaa ubavuni kwangu akasema kiatu cha mguu mmoja. Mimi nikasema sweta. Akauliza iko wapi. Nikajibu, tena kwa maringo, kwamba iko kabatini, safi kabisa. Kisha yule mama wa kiatu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema yeye kile kiatu alikitupa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisuuza.

Mzee hakunilaumu. Aliniambia nimwombe mtoto radhi kwa maneno ya kawaida, kama anavyoombwa mtu mzima, halafu nimsumbue afisa mpaka anichoke. Nikafanya yote mawili. Mtoto alinisikiliza amekunja mikono. Afisa alisema jambo kama hilo halimo katika utaratibu wao, nikajua limekwisha. Lakini siku yake ya mapumziko alibisha hodi, amevaa kandambili, mkononi ana kitambaa cha kichwa cha yule mama. Alikuwa amemfuata wodini, akakitia kwenye mfuko na kuukaza fundo ili harufu isitoke. Mwenye Nyumba akafungua mfuko, akajifunika uso, akalala mchana kutwa. Alipoamka alinitafuta jikoni akaniambia bomba linavuja. Ndilo neno lake la kwanza kwangu. Kesho yake nilimwita fundi.

Tangu hapo hakunyamaza tena. Nikirudi kazini ananishika pindo la aproni na kunifuata nayo kila niendapo, ananitolea amri. Hata kulala alilala amelishika, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda nangoja alegeze vidole.

Sasa mama yake amepona, akaja kumchukua. Nilikuwa nimemwandalia uso wangu mgumu. Akaingia binti mwembamba, mdogo kuliko wewe, viatu vimempwaya, akakaa ncha ya kiti kama aliyekuja kuomba kazi. Mtoto alisimama katikati yetu hajui amtazame nani. Nilingoja yule mama aniulize mtoto anakula nini, anaumwa nini. Akaniuliza, "Analala ameshika nini?"

Nikamwambia ni kitambaa chake, na pindo la aproni yangu.

"Basi naomba hiyo aproni, dada," akasema. "Usiifue."

Nikaivua nikampa. Mwenye Nyumba alipofika mlangoni aliuachia mkono wa mama yake, akarudi jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akatazama kama litadondosha. Halikudondosha. Akaenda.

Majirani wananiambia angalau sasa nitapumzika. Afisa alinishukuru kwa simu. Mzee dereva peke yake ndiye aliyekuja; alikaa, akanywa maji, akasema mtoto akiingia watu wanajaa, akitoka hakuna anayemkagua mlezi. Nikakubali kwa kichwa. Nilimsikia vizuri, lakini kama redio ya nyumba ya pili.

Jana afisa amepiga tena. Kuna mtoto mwingine, wa kiume, ndio kwanza anatembea kwa kushika kuta. Analazwa kwenye kochi ofisini kwao, kati ya makabati. Anataka jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo atapelekwa mbali sana na ndugu zake. Nataka kusema ndiyo. Kitanda kipo, bomba limepona, na safari hii najua la kufanya.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Kitanda kile bado kina foronya yake. Sijaifua. Kila siku nabeba beseni, nafika mlangoni, narudi nalo. Mimi, mdogo wangu, nifuaye mashuka ya hospitali nzima, ya waliozaliwa na ya waliokufa, nimeshindwa na foronya moja ya mtoto. Wala si kwamba naikumbatia. Niliinusa mara moja, sikusikia kitu. Sijui kama harufu imeshakwisha au ni mimi ndiye nisiyesikia, na katika ganzi hii yote, hilo tu ndilo linaloniogopesha.

Njoo Alhamisi uifue wewe. Najua sijawahi kukuruhusu uguse nguo zangu, maana kola wewe unazifua kwa kuzitazama, lakini safari hii sitakagua. Ufunguo nitauacha kwa fundi viatu wa jirani. Mimi nitakuwa kazini. Sabuni iko chini ya sinki. Nikirudi nikaikuta kambani, nitampigia afisa.

Ila kabla hujaitia majini, inuse. Kama bado yumo, niambie kwamba yumo. Halafu ifue.

Msalimie shemeji, na wanao uwaambie shangazi zao wako wengi lakini mama mkubwa wanaye mmoja. Funga dirisha.

Mimi dada yako,
Dobi