Jani la Cucu na Sukari ya Mzee Mbaka

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, kwa maana ndiyo siku ninayokwenda nyumbani, nami nimebeba majibu nisiyojua pa kuyatua.

Nafanya kazi maabara hapa Embu, lakini nililelewa Kiambere na nyanya yangu Igoki, cucu kama tumwitavyo, na hata leo nikifumba macho naisikia harufu ya jani lake, la mche alioutoa ukingoni mwa mto Tana kabla bwawa la Kiambere halijajaa akaupanda nyuma ya jikoni, na nilipojikwaa kwenye mawe nikichunga mbuzi alilitafuna jani akanibandika gotini akisema, "Nyamaza, kesho utakimbia," na kweli nilikimbia, kisha jioni tukanywa uji wa mawele tukicheka, ee Mshauri, utamu ule sitauonja tena. Sasa amezeeka, na mwaka huu aliniambia, "Nelius, wewe uko na mashine, hebu uliza jani langu kama linaweza hii sukari ya siku hizi," nikamwomba mkubwa wangu, tukapima, tukarudia, na jani halikugusa sukari hata kidogo. Shida ni jirani yetu Mzee Mbaka, anaugua sukari na amechoka kudungwa sindano, amesema nikileta majibu mazuri anaziacha, na nasikia ameshaanza kuziruka, naye Cucu hunipigia simu kila jioni, "Wamesema aje?" nami namwambia bado. Nikisema ukweli nitamvunja moyo mtu aliyenilea, nikinyamaza Mbaka atakufa. Nifanyeje?

Nelius, Embu

Nelius mwanangu, pole. Umenikumbusha marehemu nyanya yangu mpaka chai imepoa mezani. Lakini sasa nikukaripie. Mtu anaruka sindano, nawe unakaa kuandikia gazeti? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unaficha ya mwenzako! Jumapili ni mbali. Cucu akipiga leo jioni, mwambie.

Tena, nani kasema jani limeshindwa? Cucu alilibandika kwenye vidonda, hakuwahi kutibu sukari nalo. Mmeliuliza swali lisilo lake. Mwombe mkubwa wako lipimwe kwa vidonda, maana goti lako si cheti, na lisichumwe hata moja bila Cucu kukubali.

Usimbembeleze kama mtoto. Mwambie kwa Kimbeere chenu, waziwazi, kwamba kwa sukari hapana. Na usikate simu. Ataumia, nawe utaumia, na hakuna dawa ya hilo.

Kisha mwombe aende kwa Mbaka yeye mwenyewe, leo hii, amrudishe kliniki. Usijaribu kwenda wewe na karatasi zako za maabara. Kwa Mbaka wewe ni mtoto wa juzi aliyechunga mbuzi, atabishana nawe mpaka sukari immalize. Lakini mwenye jani akimwambia, "Hii si dawa yako," atabishana na nani?