Bahari Iliyokupwa Siku Isiyo Yake

Mpenzi Rahma,

Binti yangu Salma kachukua bahasha yako sasa hivi, akambusu samaki wa kwenye stempu. Huku ugenini Darsait sote wazima. Mume wangu kapata kazi bandarini, na mama yako kanipigia jana kutoka Unguja, anakusalimu.

Umeniandikia kuwa mji wenu wa wavuvi huko Japani umebanwa baina ya vilima na bahari, na kilimani kuna jiwe la wazee lililochongwa, "Msijenge chini ya hapa," na nyumba zote ziko chini yake. Waniuliza, king'ora cha hatari ya bahari kikilia, upande kilimani, au ubaki na wenzako wanaokucheka?

Nilipokuwa mdogo kuliko wewe, asubuhi moja huko kwetu Unguja, sie wanawake wa kulima mwani tulikuta bahari imekupwa hadi miambani. Tukafurahi, tukateremka na kamba zetu. Kulikuwa kimya, hata kaa hawakutembea. Mama yangu, bibi yako, akahesabu mwezi kwa vidole.

"Leo maji mafu, hayendi mbali hivi. Nani kayachukua?"

"Bibi we, siku hizi waogopa mchanga?" shoga yangu Mize akamtania, akazidi kwenda.

Mama akanivuta kanga hadi juu barabarani. Maji yalirudi bila mshindo, yakapanda tu, kama mtu anayerudi kwake. Ya Mize sikuandikii.

Bahari ya huko siijui, lakini waliochonga jiwe lile waliijua. Baba Salma ananiita, teksi iko mlangoni. Wewe panda tu, wacheke wasicheke, na ukifika juu, niandikie nijue uko salama.

Shangazi yako